Huyo mdudu anakula nini? Jibu kwa Mama Nasra kuhusu utitiri kwenye kizimba cha chatu

Swali: "Shikamoo daktari. Naishi Leicester, Uingereza. Mwanangu wa miaka 14 anafuga chatu mdogo, wale wa Afrika Magharibi wanaojikunja kama mpira. Anakaa kwenye kizimba cha kioo, chini tumetandika makumbi ya nazi. Wiki iliyopita nimeona wadudu weupe wadogo mno, kama vumbi la unga linalotembea. Wako kwenye makumbi, kwenye gogo lake na ukingoni mwa bakuli la maji. Jirani anayefuga nyoka kaja kutazama, kasema huo ni utitiri wa damu, kanipa dawa ya kupe ya mbwa nimdondoshee nyoka mgongoni. Sijaiweka, kwa sababu tuna paka na mtoto wa miaka mitatu. Halafu tangu Jumamosi nyoka analala ndani ya bakuli la maji mchana kutwa. Je, kweli ni utitiri wa damu? Na unaweza kutuhamia sisi? – Mama Nasra."

Marahaba, Mama Nasra. Kwanza kabisa, dawa hiyo ya mbwa irudishe kwenye boksi lake, iweke mahali ambapo paka na mtoto hawafiki, na usimdondoshee nyoka hata tone moja. Sababu nitakueleza huko mbele. Umefanya vyema kusita.

Kwa jinsi ulivyowaeleza, wadudu hao weupe karibu hakika si wanyonya damu. Ni utitiri wa ukungu, unaokula kuvu na mabaki yanayooza ndani ya matandiko yenye unyevu, na kwao nyoka ni kama gogo jingine tu. Lakini hilo la kulala ndani ya maji mchana kutwa sitaki ulipite haraka. Linaweza kuwa na sababu nyingine, ila pia ni miongoni mwa dalili za mwanzo za utitiri wa damu. Kizimba kimoja kinaweza kuwa na wote wawili kwa wakati mmoja: weupe wengi wanaoonekana waziwazi, wasiomdhuru mtu, na weusi wachache waliojibanza chini ya kidevu cha nyoka, ambao bado hujawaona. Nimekutana na hali hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye nyoka alikuwa akipambana na wale weupe huku weusi wakizaliana kimya kimya.

Tuanze na lenyewe neno "utitiri". Ukilitamka mbele ya mtu aliyefuga kuku, mwili unaanza kumwasha palepale. Mimi nimekua na banda la kuku nyuma ya nyumba, na nakumbuka jinsi ulivyokuwa unaingiza mkono kwenye kiota cha kuku anayeatamia, unautoa ukiwa na wadudu wanaopanda hadi begani. Utitiri ule wa kuku wa nchi za joto na utitiri wa damu wa nyoka ni wa ukoo mmoja. Wataalamu wanauita Macronyssidae. Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Lakini jina hilohilo la utitiri linabeba maelfu ya aina nyingine ambazo hazijawahi kuonja damu: wa udongoni, wa kwenye unga uliokaa sana, wa kwenye jibini, wa majani yanayooza, wa vumbi la godoro. Kumwona kila mmoja wao kuwa mnyonya damu ni sawa na kumwita kila ndege mwewe.

Huyo mnyonya damu jina lake la kisayansi ni Ophionyssus natricis, na leo hii anapatikana popote duniani panapofugwa nyoka. Jike aliyeshiba hufikia takriban milimita moja, wakati mwingine huzidi kidogo. Ana rangi ya damu iliyoganda, karibu nyeusi, mviringo na anang'aa. Chukua mbegu ya mchicha uiweke juu ya kucha: ukubwa ndio huo, na umbo ndilo hilo, ila huyu ana miguu minane. Dume ni mdogo zaidi na rangi yake ni ya kahawia iliyofifia.

Maisha yake yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yanayokuonyesha pa kumtafuta. Kutoka kwenye yai hutoka lava mwenye miguu sita, ambaye hali kitu. Lava hugeuka kuwa tunutu wa kwanza, na huyu ndiye anayepanda juu ya nyoka kunyonya. Akishiba anashuka, anageuka tunutu wa pili ambaye naye hali, kisha anakuwa mkubwa na kurudi kwenye damu. Jike akishajaa humwacha nyoka, akatafuta ufa wenye giza na unyevu: chini ya bakuli, ndani ya gogo, kwenye kona ya fremu ya kioo. Hapo anataga mayai kama ishirini, halafu anapanda tena kunywa. Katika uhai wake anaweza kufikisha mayai 60 hadi 80. Kwenye joto la kizimba cha chatu, yaani nyuzi 25 hadi 30, kutoka yai hadi mkubwa ni wiki mbili hadi tatu tu. Zaidi ya hayo, jike asiyepandwa hutaga mayai yanayotoa madume matupu, na madume hao wakikua humpanda yeye mwenyewe. Jike mmoja tu aliyekuja na boksi la dukani anatosha kuanzisha ukoo mzima.

Unaona basi kwamba wakati wowote ule sehemu kubwa ya utitiri haiko juu ya nyoka. Iko kwenye nyufa. Juu ya nyoka unamkuta aliye mezani. Na hapo mezani ana mahali pake anapopapenda, penye ngozi laini anayoweza kuifikia: pembezoni mwa jicho, pale kioo cha jicho kinapokutana na gamba, ndani ya vile vishimo vya kuhisi joto vilivyo kwenye midomo ya chatu, kwenye mkunjo wa kati chini ya kidevu, chini ya magamba ya tumbo, na kuzunguka tundu la haja. Ukiona jicho la nyoka limetuna kidogo pembeni kama lenye pete, washa tochi utazame upya.

Anamwachia pia alama. Kinyesi chake ni cheupe, kwa hiyo nyoka mwenye magamba meusi huonekana kama amenyunyiziwa majivu. Wengi huosha majivu hayo wakidhani ni mabaki ya gamba la zamani. Nyoka mwenyewe hatulii, anajisugua kichwa kwenye gogo, anazunguka usiku kucha, anakataa panya. Anapojivua gamba, gamba linatoka vipande vipande badala ya kutoka zima kama soksi. Mdogo akinyonywa sana anaishiwa damu: ndani ya kinywa panakuwa peupe badala ya waridi. Utitiri huu unaweza pia kupitisha bakteria aina ya Aeromonas kutoka nyoka hadi nyoka, na unashukiwa kusambaza virusi vinavyowaua chatu na boa kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Hii ndiyo sababu mfugaji mwenye nyoka kumi hulala macho akimwona mmoja tu.

Sasa hawa wako weupe. Makumbi ya nazi ni matandiko mazuri, yanashika unyevu ambao chatu anauhitaji. Lakini unyevu huohuo, ukiongezewa mkojo, kinyesi na labda panya aliyeachwa usiku kucha, unaotesha ukungu, na penye ukungu utitiri wa ukungu hufika wenyewe. Mara nyingi huja ukiwa tayari ndani ya mfuko wa matandiko. Mmojawapo unaojulikana sana ni Tyrophagus putrescentiae, ambao pia hula nafaka na vyakula vilivyokaa ghalani. Una rangi ya lulu, mwili unapenya mwanga, una nywele ndefu mgongoni, na hutembea polepole kama mzee aliyebeba gunia. Ukubwa wake ni nusu ya milimita au chini ya hapo. Hauna kinywa cha kutoboa ngozi ya nyoka. Unaweza kuuona ukipita juu ya nyoka, kwa sababu nyoka amelala njiani kwake, na zipo aina nyingine za utitiri wa ukungu ambazo katika hatua moja ya ukuaji hudandia wanyama ili zisafirishwe mahali pengine. Kudandia si kunyonya.

Wapo na wengine. Ukiona kitu cheupe kirefu kidogo, chenye vipapasio viwili mbele, ambacho ukikigusa kinaruka, au kinaelea juu ya maji bila kulowa, huyo si utitiri kabisa. Ni mdudu wa miguu sita anayekula ukungu, na wapo wafugaji wanaomnunua makusudi ili awasafishie kizimba. Kuna utitiri wa majani makavu, wa kahawia iliyoiva, mgumu na unaong'aa kama ushanga. Huu ndio unaowachanganya hata wazoefu, kwa kuwa rangi na umbo vinafanana mno na vya mnyonya damu. Lakini unakwenda taratibu sana na hukaa kwenye majani na magome. Halafu kuna utitiri mwindaji, Stratiolaelaps scimitus, wa rangi ya mchanga na mwenye mbio. Unauzwa kwa watunza bustani, na baadhi ya wafugaji wa nyoka huumwaga kizimbani ili uuwinde utitiri wa damu. Kama mwanao au aliyewauzia nyoka aliwahi kumwaga kikopo cha namna hiyo, uliza kabla hujahangaika.

Ndiyo maana rangi peke yake haitoshi. "Mweupe ni salama, mweusi ni hatari" ni kanuni ninayoisikia kila siku, na imewaponza wengi. Mnyonya damu mchanga ambaye bado hajala ni wa rangi ya majani makavu, karibu haonekani. Na yule wa kahawia anayeishi kwenye majani na magome hana kosa lolote. Mwendo nao haumalizi shauri, maana mwindaji anakimbia kuliko wote na ni rafiki. Mimi huuliza maswali mawili: mdudu huyu anakaa wapi, na anakula nini?

Majibu yake unaweza kuyapata usiku mmoja bila dawa yoyote. Chukua kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaofunga vizuri na vitundu vya hewa. Kioshe kwa maji moto, kikaushe, tandika karatasi nyeupe za jikoni zisizo na maua. Mhamishie nyoka humo pamoja na bakuli safi la maji na boksi dogo la karatasi la kujificha, upande mmoja ukiwa na joto kama alivyozoea. Kabla ya kumweka, lowesha karatasi nyingine nyeupe kwa maji ya vuguvugu, umshike nyoka kwa utulivu, umpitishe katikati ya karatasi hiyo kuanzia shingoni hadi mkiani mara mbili au tatu. Ifunue karibu na taa. Vinukta vyeusi vinavyotembea ni jibu tayari.

Asubuhi tazama sehemu tatu. Karatasi ya chini, hasa pale nyoka alipolala. Bakuli la maji, kwenye sakafu yake: utitiri wa damu huzama, na unaouona chini ya maji kama punje za pilipili manga iliyosagwa ndio huo. Mwisho, nyoka mwenyewe, kwa tochi na lenzi ya kukuzia au kamera ya simu iliyovutwa karibu: macho, midomo, mkunjo wa kidevu. Utitiri wa ukungu ukitolewa kwenye makumbi hauna pa kuishi. Karatasi kavu itakuwa safi au itakuwa na wawili watatu waliopotea njia. Mnyonya damu yeye amehama na meza yake, kwa hiyo atakuwepo.

Ukimpata mmoja, mnase kwa selotepu, umbandike kwenye karatasi nyeupe, kisha ukandamize kwa ukucha. Doa jekundu au la kahawia nyekundu ni damu, na damu hiyo imetoka kwa nyoka wenu. Majimaji yasiyo na rangi hayamwachii huru moja kwa moja, kwani anaweza kuwa na njaa. Ila kama umekandamiza kumi na wote ni maji matupu, na wote umewatoa kwenye gogo, moyo utulie. Na huku kwenye kizimba kilichobaki wazi, laza kipande cha tango juu ya makumbi usiku huohuo. Asubuhi kigeuze: utitiri wa ukungu utakuwa umejaa chini yake. Mnyonya damu hana haja na tango.

Turudi kwenye bakuli. Chatu hulala majini kwa sababu nne ambazo mimi huzitazama kwa zamu. Ya kwanza ni joto lililozidi: upande wa moto uwe nyuzi 31 au 32, wa baridi uwe kama 25, na upime kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Nyumba za Uingereza wakati wa baridi huwashwa hita, watu wanasahau kwamba chumba chenyewe kimepanda. Ya pili ni hewa kavu. Kwenu kuna ukungu, kwa hiyo hii naiweka nyuma. Ya tatu ni kukaribia kujivua gamba: macho yanakuwa ya buluu yenye ukungu, tumbo linapata uwaridi. Ya nne ni utitiri wa damu. Nyoka anajizamisha ili auzamishe. Kwa bahati mbaya ule uliopo mwilini hukimbilia kichwani, sehemu pekee iliyo juu ya maji, na ndiyo maana uanze kutafuta machoni. Kama nyuzi joto ni sahihi na macho ni maangavu, basi nafasi ya sababu ya nne imepanda sana.

Kuhusu kupe nitasema kwa ufupi, maana kwa nyoka aliyezaliwa na kukulia ndani ya nyumba si rahisi kumkuta. Chatu hawa, Python regius, asili yao ni kuanzia Senegali hadi Uganda, na wengi wanaosafirishwa hutoka Togo, Benin na Ghana. Porini hujificha kwenye mashimo ya panya na vichuguu, na humo kupe wanawasubiri. Yuko mmoja, Africaniella transversale, anayependa kujishikiza pembezoni kabisa mwa jicho la chatu. Kupe kwa nyoka huonekana kama gamba lililoinuka kidogo na halitaki kulala. Mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta pole pole bila kumponda, au mwachie daktari. Usione ni jambo dogo: mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingizwa kwa aina tatu za kobe wa Afrika kwa sababu ya kupe wanaoweza kubeba maji moyo, ule ugonjwa unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Sasa dawa ya jirani. Baadhi ya dawa za kupe za mbwa zina permetrini kali, kemikali ya kuua wadudu. Kwa paka ni sumu inayoua. Paka akijisugua tu mahali ilipodondoka anaweza kuanza kutetemeka mwili mzima. Nyoka naye hana ngozi ya mbwa wala ini la mbwa, na uzito wake ni sehemu ndogo sana ya ule ulioandikwa kwenye kile kichupa. Daktari anaweza kutumia permetrini iliyopunguzwa nguvu kwenye kizimba kitupu, kikauke na kupitishwa hewa kabla nyoka hajarudi. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kumdondoshea mgongoni.

Kuna mmoja siwezi kumsahau. Katika kituo kimoja cha nyoka nilichokuwa nakihudumia, mhudumu mpya aliona wadudu weupe kwenye majani, akamnyunyizia chatu mchanga dawa ya kuogeshea ng'ombe. Aliponiita, nyoka alikuwa amelala chali, kichwa kimepinda kuelekea mgongoni, hawezi kujigeuza. Tulimwosha, tukampa maji, tukakesha naye. Alikufa siku ya pili. Nilichukua majani yale nikayaweka chini ya hadubini: utitiri wa ukungu mtupu, hakuna hata mmoja wa damu. Kijana yule alikuwa anajali, alitaka kumsaidia yule mnyama. Tangu hapo sikubali mtu ashike dawa kabla hajanionyesha mdudu.

Nawakumbusha pia wasomaji walioko nyumbani, ambako ivermektini ya ng'ombe inapatikana kila duka la pembejeo. Kwa kobe dawa hiyo ni kifo, hata kidogo. Kwa nyoka imetumika, lakini wapo chatu waliopata shida ya mishipa ya fahamu, na kipimo cha kukisia si kipimo. Kumbukeni vilevile kwamba Kenya na Tanzania kumfuga chatu bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni kosa. Ukimwona chatu shambani ana wadudu, mwache na wadudu wake.

Basi karatasi ya asubuhi ikiwa safi, kazi yenu ni ya ufagio. Toeni makumbi yote, myafunge kwenye mfuko na kuyatupa nje. Osheni kioo kwa maji moto na sabuni, mkaushe vizuri. Gogo limwagieni maji yanayochemka, kisha liacheni likauke kabisa. Tandikeni makumbi mapya, na safari hii yalowesheni upande mmoja tu, juu yake pabaki pakavu. Panya asiyeliwa atolewe usiku huohuo. Pasipo ukungu, weupe hao watapungua wenyewe ndani ya siku chache. Wakibaki wachache, waacheni. Kizimba chenye udongo na unyevu hakiwezi kukosa uhai mdogo mdogo ndani yake, nami sioni ubaya wowote.

Ikiwa na vinukta vyeusi, nyoka abaki kwenye kisanduku chenye karatasi, na karatasi ibadilishwe kila siku, ikifungwa kwenye mfuko na kutupwa nje ya nyumba. Magogo ya bei nafuu tupeni tu. Vyombo vingine na kioo mvioshe kwa maji yanayounguza, nyuzi 55 na kuendelea, mkizingatia pembe na nyufa kuliko katikati. Zoleeni vumbi kwa mashine sakafu na zulia kuzunguka meza ya kizimba, kwa maana utitiri huo hutembea. Kisha mtafuteni daktari anayetibu reptilia. Si kila daktari wa mbwa na paka anawajua. Ana fipronili ambayo hupakwa kwa kitambaa, na siku hizi baadhi yao hutumia afoksolaneri, dawa ya mbwa ya kumeza, kwa kipimo anachokokotoa mwenyewe baada ya kumpima nyoka uzito. Dawa nyingi haziui mayai, kwa hiyo matibabu hurudiwa, na mimi simwachii nyoka kabla ya wiki sita bila kuona hata mmoja. Wengi hushindwa wiki ya tatu. Wanaona pako safi, wanarudisha gogo, na mayai yaliyokuwa ndani ya ufa wake yanaanza upya.

Kumwogesha kwa maji ya vuguvugu kunampunguzia nyoka mateso, na mafuta ya kula yaliyopakwa kwa pamba kuzunguka mdomo huziba pumzi za walioko hapo. Vyote viwili ni nafuu ya muda. Usivitegemee peke yake.

Swali lako la mwisho: utitiri wa damu wa nyoka unaweza kumuuma binadamu, na ngozi hutoa vipele vidogo vinavyowasha, mara nyingi mikononi na kiunoni. Lakini hauwezi kuishi juu yetu wala kuzaliana kwetu. Ukiondolewa nyoka na nyufa zake, umekwisha. Utitiri wa ukungu hauumi; mwenye pumu au mzio anaweza kupiga chafya akikoroga matandiko yaliyojaa, kwa hiyo mwanao avae barakoa atakapoyatoa. Kwa yule mdogo wa miaka mitatu, ninachohofia zaidi ni Salmonella, bakteria wanaoharisha watu, ambao nyoka mwenye afya tele huwabeba tumboni bila kuumwa. Asimshike nyoka, asichezee maji ya bakuli, na bakuli hilo lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Mkubwa naye anawe mikono kwa sabuni kila atokapo kizimbani.

Fanyeni jaribio la karatasi leo usiku, mwanao akushikie tochi. Kesho asubuhi nitumie picha tatu: karatasi, sakafu ya bakuli, na upande wa kushoto wa kichwa cha nyoka, jicho likiwa katikati ya picha. Nikiziona nitakwambia kama unahitaji ufagio tu au unahitaji daktari wiki hii hii.